Kadi Imejaa

Mwenye hataki kuamini, asiamini. Mi nimechoka kubishana. Nilimweleza pasta, akasema ni majonzi. Nilimweleza dada yangu, akasema ni malaria. Lakini wewe umekaa unasikiliza, basi nitakuambia vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tulikuwa watu watatu na kamera moja ya dijitali. Byamungu, fundi wa kushona, njo aliitoa Bukavu, imefungwa ndani ya soksi. Espérance wa kwaya alinunua betri. Mimi nilileta kadi ya kuhifadhi picha. Kila mtu alikuwa na juma lake la kubeba kamera, na Jumapili baada ya ibada tulikutana nyuma ya cherehani ya Byamungu, vichwa vitatu juu ya kioo kidogo, kila mmoja anasifu picha zake. Byamungu alipenda mikono ya watu wakifanya kazi. Espérance alipenda mawingu ya Dowa kabla ya mvua, na tulimcheka sana. Kanuni yetu ilikuwa moja: hakuna kufuta picha ukiwa peke yako. Kadi ilikuwa ndogo, kwa hiyo tulifuta Jumapili, wote watatu tukikubali.

Picha niliyoipenda mimi ilikuwa ya bibi yangu wa ndoa, Furaha, kwenye pampu. Maji yalirukia viatu vyangu vya kanisa, naye akacheka mpaka akashika ndoo asianguke. Kulikuwa na ingine ya siku ileile, amefunga macho. Miezi mitatu baadaye alikufa akizaa, mtoto akabaki. Picha zake za zamani ziliungua na nyumba kule Bukavu, kwa hiyo hizo mbili njo zilikuwa sura yake yote iliyobaki duniani. Nilitaka binti yetu amjue mama yake. Ni hilo tu nililotaka.

Siku nilipopata ruhusa ya kutoka kambini, nilibeba kamera niende Lilongwe, zikatolewe kwenye karatasi. Usiku kucha mtoto alikuwa amelia, sikufumba jicho. Nikatembea kuelekea barabara ya lami, saa saba mchana, jua kali. Mwanamke akanisimamisha, amejitanda kitenge kichwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Akaniomba nimpige picha. Nikamwambia kadi imejaa, na kwamba sisi huwa tunafuta pamoja, na wenzangu hawako.

"Futa ile yenye bibi yako amefunga macho," akasema. "Inakusaidia nini?"

Sasa niambie, alijuaje? Hapo njo ningekimbia. Lakini uchovu ni kitu kibaya, ndugu yangu. Mtu aliyechoka haogopi, anataka tu jambo liishe. Nikakinga kioo kwa kiganja, nikaifuta. Nikampiga picha yake, akashukuru kwa kusema zikomo, kama watu wa hapa. Nilipoinua macho, hakuwepo. Mahindi yalikuwa yamevunwa pande zote mbili, hapakuwa na pa kujificha hata kuku.

Nikapanda gari, nikafika Area 49, kwenye studio ndogo. Mwenye studio akafungua kadi. Picha ya yule mwanamke ilikuwa barabara tupu na vumbi. Nikamwomba afungue ile ya pampu. Ndoo ilikuwepo. Kitenge cha Furaha kilikuwepo, na kicheko, na mkono umeshika ndoo. Sura ilikuwa ya mwanamke wa barabarani.

"Mke wako ni mzuri," mwenye studio akasema.

Niliketi chini, kwenye sakafu yake. Baadaye nikamwambia aitoe tu, maana nilitaka wenzangu waone nilichofanyiwa.

Jumapili nikawaonyesha. Byamungu aliiangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza mbona nawatazama hivyo, si njo Furaha huyu, tumemwona kwenye kioo hiki kila juma? Espérance, aliyeimba siku ya harusi yetu, alilia kwa kumkumbuka. Nikawauliza, na ule mwanya wake wa meno ya mbele uko wapi? Espérance akanishika bega, akasema kwa upole:

"Furaha hakuwa na mwanya, kaka."

Alikuwa nao. Niamini. Niliuona kabla ya kujua jina lake.

Kwa hiyo wewe unayepiga picha, nisikie. Kadi ikijaa, sema imejaa, uende zako. Mtu usiyemjua akikuchagulia ya kufuta, usimjibu hata neno. Na picha mbaya usiidharau. Ile ya macho yaliyofungwa ilikuwa ushahidi wangu wote, na niliifuta kwa kidole changu mwenyewe.

Binti yangu ana miaka tisa sasa. Picha ya pampu ameibandika ukutani juu ya mkeka wake, anaisalimia asubuhi kabla ya kunisalimia mimi. Juzi akaniuliza kama anafanana na mama yake. Nilitaka kusema hapana, huyo si mama yako. Lakini nikijaribu kumkumbuka Furaha siku hizi, hata mimi namwona yule mwingine. Nikamwangalia mtoto, nikamwambia ndiyo, mnafanana. Na sikumdanganya. Kila mwaka anafanana zaidi na yule wa ukutani.