Kofia ya Chifu

Juzi kortini Nakuru nilimsikia hakimu akijitoa kwenye kesi kwa sababu mlalamikaji alikuwa jirani yake. Katiba inataka mwamuzi asiyeegemea upande, alisema. Nikakumbuka kabichi.

Siku moja nikiwa mtoto, ndama wetu, Sukari, alikuwa ameingia shamba la kabichi la chifu, karibu na Njoro. Alasiri hiyo baba alinishika mkono tukaenda kwenye ofisi ya chifu, chumba cha mabati kilichonuka mvua na majani ya kabichi yaliyotafunwa, ambayo yalikuwa mezani kama ushahidi. Chifu alivua kofia yake ya kaki, akasimama upande wetu wa meza, akalalamika kwa uchungu. Kisha akazunguka meza, akaketi, akavaa kofia, akaamua Sukari abaki kwake.

Mimi niliona ni haki tupu. Niliamini kofia ndiyo iliyohukumu, nayo haikuwa na shamba.

Tulirudi polepole katikati ya harufu tamu ya ngano iliyovunwa, baba akiwa na kamba tupu mkononi. Kwa mbali Sukari alikuwa bado analia.

"Baba, mbona hukusema kitu?"

"Ningemwambia nani, mwanangu? Wote walikuwa yeye."