Sista wa Jikoni na Kapu la Mchunga

Sista huyu alizaliwa katika chumba kilicho nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa saba wa mama mfua nguo, na inasemekana alikuja duniani akipiga miayo. Nami ninayeandika nimechoka vilevile, kwa hiyo msitegemee mapambo. Bibi yake ndiye aliyemfundisha mchunga, saladi ya mwituni inayojiotea kando ya mitaro: uuchume kabla haujatoa ua, uuchemshe, umwage maji ya kwanza, uuchemshe tena.

Alipoweka nadhiri alipewa jiko la kituo cha yatima. Miaka kumi na tisa alikoroga uji, akalalamikia kiuno, akakoroga tena. Kisha ukame ukaingia mwaka wa pili, maji yakazidi unga, watoto wadogo wakaanza kuvimba miguu. Sista akaleta kapu la mchunga. Mama Mkuu wa nyumba, alipoona utomvu mweupe ukichuruzika kwenye mabua, alishika kichwa. “Majani yenye maziwa ni sumu! Unataka kuniulia watoto?” Akapiga marufuku.

Mtakatifu mwingine angehubiri. Huyu alitii, ila akaomba ruhusa ya kuula peke yake siku tatu, mbele ya wote. Siku mbili zikapita salama. Ya tatu, katikati ya sala ya mchana, akaanguka puu! Lo, vilio vilivyozuka! Padri akaja mbio na mafuta ya wagonjwa. Alipomgusa paji la uso, Sista alifungua jicho moja.

“Baba, sijafa. Nimechoka. Niacheni nilale, ninyi wapikieni watoto, wana njaa.”

Mama Mkuu akakunja mikono ya kanzu, akaenda jikoni kuupika mchunga mwenyewe. Kwa kutojua, hakumwaga maji ya kwanza. Mtoto mmoja akakunja uso: “Chungu kama dawa! Niongezee.”

Sista alifariki miaka kumi na moja baadaye, kwenye kiti cha jikoni, aproni kiunoni. Enyi waamini mliochoka, mwigeni huyu: hakungoja apate nguvu ndipo atumike.

Tume ya kanisa ilipokuja kuulizia miujiza, Mama Mkuu, sasa kikongwe, alijibu akilia: “Mwaka ule nilikuwa nimekwisha kumwagiza seremala majeneza sita, madogo. Tuliyapasua kuni, tukachemshia mboga.”