Fingo Katika Shamba la Mkristo

Aibu hii ni yangu, siikani, na nisingeifungulia kinywa mbele ya watu wazima wenzangu kama isingekuwa kwamba huku Msambweni inaendelea kusimuliwa kwa namna isiyo sahihi: wako wanaodai kwamba nilikwea mnazi nikaanguka, wako wanaodai kwamba nilizimia nikamwagiwa maji, na yote mawili ni uzushi mtupu. Nilikuwa karani katika ofisi ya Mudiri, mtawala wa serikali wa pande zile, na kazi ya karani ni kuyaweka mambo sawa hata pale yanapomuumiza mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Uhuru bado ni neno la kunong'onezana. Kwetu ni Rabai, nami nilizaliwa Mkristo kama mtu anavyozaliwa na pua: sikuuchagua Ukristo wangu, sikuuhangaikia, wala sikuwahi kujiuliza kama unafanya kazi. Nilipohamishiwa huku kusini nilikuta majirani zangu karibu wote ni Waislamu, sisi Wakristo tukiwa wa kuhesabika, na kwa ajili hiyo jina lile likawa kwangu kama cheo cha pili baada ya ukarani. Watu walipita njiani wakisema, "Yule pale ndiye Mkristo," nami nikinyoosha tai.

Nilinunua kishamba cha minazi kwa Mdigo mmoja mpole aitwaye Mzee Bakari. Kwenye mnazi mkubwa uliokuwa mlangoni mwa shamba palikuwa pametundikwa fingo, yaani dawa ya kulinda mali: kifuu kilichofungwa kaniki nyeusi na kuzungushiwa kamba, na humo ndani Mungu ndiye ajuaye mlikuwa na nini. Ilisadikiwa pande zile kwamba atakayekula nazi za shamba hilo bila fingo kufunguliwa na aliyeliweka, tumbo litamvimba hadi afe. Siku ya kukabidhiana shamba Mzee Bakari aliniuliza kwa adabu:

"Bwana Karani, hili nikutolee?"

"Liache tu, Mzee wangu," nikamjibu. "Mimi Mkristo. Kwangu mimi si kitu."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. (Naomba ieleweke vizuri: sikulitundika mimi. Nililiacha. Tofauti hiyo niliiona kubwa sana wakati ule.) Majirani walilia kwamba nazi zao zinaibwa, zangu hazikuguswa hata moja, na mimi nikawa nawaambia watu kwamba Bwana huwalinda walio wake. Msimu wa kuangua ulipofika hakuna mkwezi aliyekubali kugusa mnazi mpaka Mzee Bakari aje atamke maneno yake kwanza, kwa hiyo nilimwita, akaja, akatamka, nami nikajifungia ndani nikisoma Zaburi kwa sauti kubwa ili nisiyasikie. Mke wangu Naomi aliniangalia tu, akarudi jikoni.

Sasa, palikuwa na mwanamke wa Kiduruma aliyeitwa Mama Mbeyu, ambaye mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa. Alikuja mwenyewe kuomba kufundishwa dini yetu, nami nikamfundisha kwa bidii, maana hakuna kitu nilichokipenda kama kufundisha. Mwanawe mchanga alikuwa na hirizi mkononi, aliyofungwa baada ya mtoto wa kwanza kufa. Nikamwambia haiwezekani kumtumikia Mungu na hirizi pamoja. Zikapita siku nyingi. Mwishowe akaniita, nikaenda na mkasi wangu wa ofisini.

"Karani, una hakika?" akaniuliza, amemkumbatia mtoto.

"Nina hakika, Mama Mbeyu."

Nikaikata mimi, kwa mkono wangu. Juma lile lile mtoto akashikwa na homa kali, jamaa wakaja kumsuta mama yake, wakamwita muuaji, naye akakesha bila kufunga hirizi nyingine, kwa neno langu. Mtoto akapona. Basi ikapangwa kwamba Kasisi aje kutoka Mombasa kumbatiza mama pamoja na mtoto, kiwanjani kwangu kwa kuwa kanisa hatukuwa nalo, na mdhamini wake wa ubatizo, wa kusimama kando yake na kushuhudia kwamba ameyaacha ya kale, niwe mimi. Nilishona koti jipya.

Siku ilipofika kiwanja kilijaa, Wakristo wachache na majirani Waislamu wengi, waliokuja kwa ujirani mwema na kwa pilau ya Naomi, ambayo nyama yake ilichinjwa na imamu kama ilivyokuwa desturi yetu. Jua lilikuwa kali. Mimi sikuwa nimetulia tangu alfajiri, mara viti, mara mikeka, muhogo wa kuchoma nimeumeza wima bila maji. Kasisi, mzee mnene mwenye haya, alishuka garini akijifuta jasho, nami kwa kutaka sifa nikatangaza kwa sauti, "Baba Kasisi, kabla ya lolote utakunywa madafu ya shamba langu!"

Nikamwita Juma mkwezi. Juma akaja na panga lake kiunoni, akautazama mnazi, akanitazama mimi.

"Mzee Bakari yuko wapi?"

"Amekwenda Vanga kwenye msiba. Wewe kwea."

"Ala! Bwana Karani, leo wanitakia mauti mbele ya wageni? Fingo halijafunguliwa."

Kasisi akageuka polepole. Nikacheka kicheko ambacho hata mimi sikukiamini.

"Ni kifuu na kaniki tu, Baba Kasisi. Alikiacha aliyeniuzia."

"Na wewe kwa nini umekiacha?"

"Kwangu mimi si kitu."

Kasisi hakuwa na nia mbaya, hilo nalishuhudia. Akasema kwa upole, "Vizuri. Kama si kitu, hakuna taabu. Tunywe."

Juma akatoa shauri lake mbele ya watu wote, tena kwa sauti ya mnadi: "Nitakwea kwa amri yako, Karani, na waliopo washuhudie. Lakini mimi sinywi, na wa kwanza kunywa ni wewe. Likipata mtu, limpate mwenye shamba." Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Karani kapatikana leo!" Nami ningefanya nini? Nikavua kofia nikasema kwea.

Dafu la kwanza likashuka, likafunuliwa, nikapewa. Nikalinywa lote kwa mkupuo mmoja, nikakipangusa kinywa, nikatabasamu. Ndipo nikamwona Mama Mbeyu amesimama mbele kabisa, mtoto mgongoni, akinitazama jinsi mtu anavyotazama daraja analotaka kulipita.

Mara tumbo likanguruma, tena si kunguruma kwa siri, ni ngurumo iliyosikika mpaka jikoni. Likakaza, likapanda, pumzi ikanibana kifuani, jasho likanitoka chini ya koti jipya. Nikaona kaniki ile inatikisika kwa upepo, na wallahi (nisameheni, ndivyo nilivyosema) niliona inanitikisikia mimi. Nikapiga magoti. Nikapiga yowe:

"Mwiteni Mzee Bakari! Jamani nakufa, mwiteni Mzee Bakari!"

Nililirudia jina hilo mara nyingi, nikishika miguu ya Kasisi kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili. Ndipo ikatoka sauti ya Juma kutoka juu ya mnazi, si ya kejeli hata kidogo, ni ya mtu aliyeshangaa kwa dhati:

"Jamani, huyu si ana Yesu wake?"

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Kisha nikabeua. Ndiyo, rafiki zangu, nilibeua mbeuo mrefu wa muhogo na dafu na hewa niliyoimeza kwa kukimbiakimbia, na maumivu yote yakaisha papo hapo, nikabaki nimepiga magoti mchangani, mzima wa afya.

Mama Mbeyu alinijia. Nilitazamia matusi, na ningeyapokea.

"Karani," akasema taratibu, "mwanangu alipochemka kwa homa, mimi nilimwita nani?"

Nikaanza kupangusa mchanga kwenye koti.

"Nilimwita yule uliyenifundisha. Sikuwa na mwingine wa kumwita. Wewe ulikuwa naye mwingine siku zote."

Kasisi akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyekuwa tayari kusikia lolote, kama bado anataka kubatizwa, au angependa kungoja. Niliona waziwazi kwamba mwanamke yule angeweza kugeuka arudi kwake, akaifunge hirizi upya, na hakuna mtu kiwanjani pale ambaye angekuwa na haki ya kumlaumu.

"Nataka leo," akasema. "Ila huyu asinisimamie."

Akasimamiwa na Naomi, ambaye alitoka jikoni na kanga yake ya kupikia, mikono ina harufu ya bizari, akajibu maswali yote bila kutazama kitabu. Mimi niliyashuhudia hayo nikiwa nyuma, katikati ya majirani Waislamu. Juma, aliyekwisha kushuka, akanisogezea nafasi kwenye mkeka, akaninong'oneza, "Pole, Bwana Karani. Tumbo vipi?"

Mzee Bakari aliporudi kutoka Vanga alikwisha kusikia kila kitu. Akalifungua fingo bila maneno mengi, akalitia kikapuni. Nilimuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini alikuwa akija kila msimu kumtamkia Mkristo mambo yale. Akashangaa kweli.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nikija kwa sababu uliniita."

Hayo ndiyo yaliyotokea, na mwenye kuongeza kuanguka au kuzimia anaongeza lake. Nimestaafu sasa. Katika hafla za huku bado wapo wanaosimama na kunitambulisha kwa fahari kwamba mimi ni miongoni mwa Wakristo wa mwanzo wa Msambweni. Huwa nainua mkono kuwakatiza. Nawaambia kwamba wa mwanzo ni Mama Mbeyu, na kwamba mimi jina hilo la Mkristo nilianza kulitafuta siku ile, nikiwa nimepiga magoti, nimekwisha kumwita mtu mwingine; wala sijaapa tena kwamba kitu fulani kwangu si kitu kabla sijakishika kwa mkono wangu nikakitoa.