Vidonge vya Siku Mbili

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nauza mbuzi Kanyangi, na kwa bei sikuwa nashindwa na mtu. Kwa hiyo sista wa kliniki ya Kitui aliponiambia nina virusi, nina kifua kikuu pia, na niache pombe, mimi nilisikia hilo la tatu tu.

"Siku saba ni nyingi, sista. Nipunguzie."

Hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kutuketisha sisi wanaume wagonjwa, tena walevi, kwenye benchi moja kila wiki mbili. Kila mtu aliambiwa aseme kiu humshikia wapi na atapita njia gani kuikwepa. Mimi nilitaja siku nne za kunywa, yeye akataja sufuri. Tukakutana mbili.

"Za kuanzia tu, mzee," akasema, akinikabidhi chupa ya vidonge vya kifua, vya kumeza kila siku.

Neno langu nililishika. Siku tano sikugusa kaluvu, ile pombe yetu ya miwa. Zile mbili nilikunywa, na kidonge sikumeza, maana soko zima lilijua dawa na pombe zikikutana tumboni zinaua mtu. Sista hakuwahi kusema hivyo. Mimi pia sikuwahi kumwuliza.

Vidonge vya siku mbili vikawa vinabaki, na mimi kutupa kitu kizima siwezi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa ametoka Mtito Andei kwa kazi ya utanboi, kumsaidia dereva wa lori, anakohoa kama mimi, na benchi ile aliikataa katakata. Nikawa nampelekea yeye. Alimeza, akasema anasikia nafuu.

Mwezi wa tatu wa matibabu sista alipindua chupa yangu ya vidonge mezani. Hakikudondoka kitu. Akahesabu siku, nami nikarudia nyuma yake. Sawasawa.

"Mmemwona mzee? Hajabakisha hata kimoja!"

Wenzangu wakapiga makofi. Sifa zikanilegeza ulimi, nikaeleza mpango wote, na shemeji ndani yake. Mmoja akaangua kicheko: "Huyu hata kifo ataomba apunguziwe!"

Sista aliketi, akaisukuma chupa kando.

"Siku ya pombe pia unameza, mzee. Ukiruka-ruka, ugonjwa unazoea dawa. Wako na wake." Kisha, polepole: "Anakohoa damu?"

"Tangu juzi."

"Mlete. Leo."

Nilihesabu tena wiki kumi na mbili nikitafuta kosa lake. Sikulipata. Nikashika njia ya Kanyangi.

Nilimkuta shemeji Kanyangi, ameketi juani na blanketi mabegani. Akanyoosha kiganja.

"Shemeji, umeleta?"

"Vaa viatu. Tunaenda Kitui."

"Kwa benchi? Watu wanione? Siendi."

Sikuwa na bei ya kutaja. Nilipiga magoti mbele yake, nikamvalisha mwenyewe. Kiatu kilikuwa chake, lakini mguu uliingia bila kugusa ukingo wowote.