Mabapa Mawili ya Springi

Niliporudi Sumbawanga kutoka Nairobi nilikuwa na diploma ya ufundi wa magari, sanduku la spana, na viatu vya ngozi ambavyo sikuvivua hata kwenye tope. Kutoka Chala mpaka Matai hapakuwa na Mwafrika mwingine mwenye karatasi kama ile. Niliondoka kwetu, karibu na Mpui, kwa miguu. Niliosha magari ya watu, nikawashikia mafundi taa, nikajifundisha Kiingereza kwenye vitabu vya injini vilivyolowa oili, mpaka chuo kikanipokea. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya kwa sababu yalitokea, na kwa sababu hakuna mwingine atakayeyasema.

Mjini kulikuwa na tajiri mmoja, Mwislamu mwenye duka na magari ya mizigo, mtu wa maneno machache. Alikuwa amenunua mnadani gari la jeshi lililobaki baada ya vita, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alitaka lipite njia ya Kasanga masika nzima, lipeleke mahindi na ulezi kwenye meli ya ziwani na kurudi na samaki wakavu waitwao migebuka, wakati magari ya wenzake yamezama kwenye tope. Akaniambia nikiliwezesha, gereji ya uani itakuwa chini yangu. Nikishindwa, ataagiza fundi kutoka Mbeya.

Nililifanyia gari lile mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Bomba la moshi nililipandisha nyuma ya chumba cha dereva mpaka juu ya turubai, lisinywe maji mtoni. Njia ya kuvutia hewa niliihamisha ikatokea karibu na kioo cha mbele. Chini ya injini nilifunga bamba nililolikata kwenye pipa, ili mawe ya mteremko wa ziwani yakwaruze pipa na yaiache injini. Nilimfundisha dereva kulegeza mkanda wa feni kabla ya kuingia majini, feni isije ikairushia injini mto mzima. Watu walikuja uani kutazama. Karani wa boma alikuja mara mbili.

Zilibaki springi za nyuma. Springi ya gari kama lile ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, yamekunjwa kama upinde, na zile zilikuwa dhaifu kwa magunia ambayo tajiri alitaka kupakia. Nikaamua kuongeza bapa moja kila upande. Nilichukua mabapa ya lori bovu, nikayapasha moto, nikayakunja yafuatane na wenzake, nikayazamisha kwenye oili kama nilivyofundishwa. Baada ya hapo chuma kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae, kwa hiyo lazima kirudishwe motoni kidogo, kwa kipimo, kilegee kiasi. Chuoni tulikuwa na tanuri lenye saa ya kuonyesha joto. Sumbawanga nilikuwa na jiko la makaa na macho yangu. Nikakisia.

Siku ya majaribio tulipakia magunia, tukatoka mjini, tukashuka kwenye korongo la kwanza. Bapa la kushoto lilikatika kwa mlio wa bunduki. Tulipofungua la kulia tukalikuta na ufa.

Dereva alichuchumaa, akachungulia chini ya gari kwa muda mrefu. "Fundi," akasema, "ile diploma yako ukiikunja mara nne haiwezi kuingia hapa?"

Utingo wake alicheka mpaka akakaa chini. Tajiri hakucheka. Aliokota kipande kilichokatika, akanirudishia mkononi. "Meli inafika Jumatano ijayo," akasema.

Sasa lazima nimtaje baba yangu. Alikuwa mhunzi na mtoto wa mhunzi. Babu aliyeyusha mawe ya chuma kwenye matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, ambayo bado yamesimama porini na nyasi zimeota vichwani mwake. Baba alifua majembe. Kuna familia zilizooza mabinti kwa mahari ya majembe yake. Kisha yakaja majembe ya dukani, mepesi, yanayofanana kama mapacha, na mwaka baada ya mwaka wateja wakapungua, mpaka kiwanda chake cha kufulia chuma kikapoa kabisa. Na aliyeuza majembe mengi zaidi kuliko wote mjini alikuwa tajiri wangu.

Nilichukua mabapa mengine mawili ya lile lori bovu, nikaenda kwake. Kwetu mtoto anayerudi huchuchumaa mbele ya baba yake, hupiga makofi taratibu, akasubiri mpaka ajibiwe. Mimi nilikuwa na suruali iliyopigwa pasi. Nilimnyooshea mkono.

"Shikamoo, baba."

Aliutazama ule mkono, akaupokea. "Marahaba. Wamekuleta na gari?"

"Nimekuja na chuma."

Akakipokea chuma kwa mikono yote miwili, kwa heshima kuliko alivyonipokea mimi, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Hakuuliza nimekaa wapi miaka yote ile. Alimwambia mama alete makaa.

Tulifanya kazi siku mbili. Mimi nilivuta mivukuto, mimi mwenye diploma, na yeye akagonga. Alikunja yale mabapa bila kipimo, na nilipoyalinganisha na karatasi niliyochora sikuona kosa. Alipokwisha kuyazamisha kwenye oili yangu, aliyapitisha tena juu ya makaa, polepole, huku akichomoa kijiti kikavu kwenye nyasi za paa. Akawa anasugua kijiti juu ya chuma. Mwanzo kijiti kilikwama. Baadaye kikaanza kuteleza kana kwamba chuma kimepakwa mafuta. Kisha kikatoa moshi, na cheche ndogo zikakimbia nyuma yake.

"Sasa," akasema, akalifukia bapa kwenye majivu.

Nilicheka. "Baba, chuoni joto tunalipima kwa saa."

"Basi lipime."

"Saa iko Nairobi."

"Mimi niko hapa," akasema, na akachukua la pili.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza nimletee nini. Alifuta mikono kwenye paja, akatazama kiwanda ambacho kwa siku mbili kilikuwa na moto.

"Usilete kitu. Mwambie tajiri wako yametoka kwangu. Mwenye magari mengi hakosi chuma cha kufuliwa. Akijua nipo, sitazima tena."

"Nitamwambia," nikasema. Mama alikuwa mlangoni. Alisikia.

Jumatano tulifika Kasanga tukiwa tumejaza magunia mpaka kwenye turubai. Njiani tulipita malori matatu yamelala kwenye tope, wenyewe wamekaa juu ya mizigo yao, na dereva wangu aliwapungia mkono kama gavana. Kwenye mteremko wa ziwani gari lililalia upande wa kushoto, springi ikabonyea, ikabonyea, ikarudi. Tulirudi Jumamosi na shehena ya migebuka. Nilijilaza chini ya gari mbele ya duka, nikapapasa mabapa yote mawili. Hayakuwa hata na mkwaruzo.

Baraza lilikuwa limejaa watu. Tajiri mwenyewe alitoka na kanzu yake nyeupe, akainama mpaka kofia ikataka kumdondoka, akatazama chini ya gari.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya, nani kakufulia hivi vyuma?"

Nilisimama, nikajikung'uta. Hapo ndipo nilipomwona baba. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Mpui, amevaa koti lake la kanisani, amesimama kando ya rundo la majembe. Alikuwa amenyoosha shingo kidogo, kama mtu anayengoja kuitwa jina kwenye misa.

Dereva alikuwa ananitazama. Utingo alikuwa ananitazama. Karani wa boma alikuwepo.

"Nimevifua mwenyewe," nikasema. "Ile mara ya kwanza nilikuwa najaribu tu."

"Gereji ni yako," tajiri akasema. Akageuka, akamwona mzee aliyekuwa karibu kuliko wote. "Na huyu mzee ni wako?"

"Ni mtu wa kwetu," nikasema. "Wa kijijini."

Tajiri alikuwa na furaha siku ile. Akachukua jembe moja juu ya rundo, akampa baba. "Chukua, mzee. Leo fundi wenu ametutoa aibu."

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Akaligonga kwa ukucha, akasikiliza. Kisha akalilaza chini, akachuchumaa pale barazani, akampigia tajiri makofi taratibu, kama tunavyoshukuru kwetu. Akasimama, akaweka jembe begani, akaondoka. Hakunitazama. Ningependa kuandika kwamba alinitazama.

Niliiongoza gereji ile kwa miaka mingi, na niliiongoza vizuri. Magari ya misheni yalikuja kwangu, na ya boma pia. Lakini mabapa niliyoyafua yalikatika, moja mwezi huu, jingine mwezi ule, na msimu uliofuata nikaenda Mpui na chuma begani. Safari hii nilivua viatu. Nilichuchumaa mlangoni, nikapiga makofi, nikangoja.

Baba alitoka, akaninyooshea mkono.

"Habari za kazi, bwana fundi," akasema, si kwa lugha ya nyumbani bali kwa Kiswahili safi, kama anavyowasemesha watu wa boma. Alinikaribisha kwenye kiti. Yeye alisimama.

Nilimwomba anifulie. Akasema macho hayaoni tena. Nilimwomba basi aniambie ni kijiti cha mti gani. Akasema ni vijiti tu, vya paani. Kiwanda kilikuwa kimebomolewa. Ngozi za mivukuto zilikuwa zimekatwa mikanda, na mama alifungia kuni kwa mikanda hiyo. Baba alikuwa analima kwa lile jembe la dukani. Aliniambia ni jembe zuri.

Nimejaribu mninga, nimejaribu kila mti mkavu unaoota kati ya Mpui na Matai. Mmoja hunipa cheche, lakini zinachelewa au zinawahi, na bapa langu bora lilimaliza masika moja. Mafundi niliowafundisha huusugua mti ule kama ninavyousugua mimi, nao huwaambia wateja kwamba mbinu hii niliileta kutoka Nairobi. Siwasahihishi.

Gari la jeshi lilipouzwa kama chuma chakavu, nilitambaa chini yake nikafungua mabapa yale mawili. Yalikuwa yamebeba mizigo tangu siku ile. Niliyaweka juu ya meza ya kazi, chini ya diploma yangu iliyo kwenye fremu, nikayagonga kwa ukucha, nikasikiliza. Sikujua ninasikiliza nini. Hilo hakunifundisha, na mimi sikumuuliza wakati alipokuwa bado ananiita mwanawe.