Dawa ya Taa Nyekundu

Miezi minne baada ya Wangila kuzikwa kwao Bungoma, mkewe Phelister alikuwa bado hajalia, na majirani zake wa Kinawataka, Kampala, walikuwa wamechoka kumngojea. Wengine walisema ana moyo mgumu. Wengine walisema Wakenya ndivyo walivyo. Yeye alikula, na akajua amekula kwa kuiona sahani imebaki tupu. Siku moja mvuke wa birika ulimchoma mkono, na lengelenge lenyewe aliliona kesho yake, bintiye Whitney alipomwuliza, "Mama, hii nini?"

Kazi tu ndiyo iliyoendelea, kama miguu inayojua njia ya nyumbani. Wangila alikuwa fundi wa umeme, na kwa miaka minane Phelister alizunguka naye Kampala nzima, akimshikia tochi, akichuna nyaya, akivuta waya ndani ya paipu. Chuo hakukanyaga, alisomea mkononi mwa mumewe. Asubuhi moja Wangila aliinama kufunga viatu, presha ikamwangusha pale pale, asiinuke tena. Mfuko wake wa vifaa ulibaki nyuma ya mlango. Baada ya matanga Phelister aliubeba akatoka nao.

Waliompigia simu hawakuwa wakimtafuta yeye. Walilitafuta jina. "Wewe ndiye mke wa Wangila wa magari?" Naye aliitikia ndiyo.

Wa magari, kwa sababu siku hizi watu wanaagiza Japani magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, yale ya kuchomeka nyumbani kama simu. Yakifika Kampala, nyumba nyingi zinashindwa kuyachaji. Ukichomeka waya, kile kisanduku kilichopo katikati ya waya kinawasha taa nyekundu, na gari halipati kitu. Mafundi wengine walikuna vichwa. Wangila akija, dakika tano tu, taa ni kijani. Watu wakasema yule Mkenya ana dawa. Nyumba kumi na moja zilipata dawa hiyo, na Phelister alikwenda zote. Kila Wangila alipofungua soketi alimwambia, "Mama Whitney, hebu toka uniangalizie taa ya gari." Alisimama nje mpaka rangi ibadilike, akapaza sauti, "Kijani!" Akirudi ndani, alikuta skrubu ya mwisho inakazwa.

Jumamosi hiyo alikuwa Naguru, kwa Afande Okidi, polisi mstaafu, mmoja wa wenye nyumba zile kumi na moja.

"Hii gari inauma mke yangu," Okidi alimwambia getini. "Mimi haiumi. Inachagua."

"Inauma mimi kwa sababu mimi ndio naosha," alisema mkewe, Santina, akiwa na ndoo mkononi. "Yeye anakaa ndani tu kama waziri."

"Niliambia yeye, labda gari inakupenda. Imetoka Japani, haijaona mwanamke ya Kitgum."

Santina alifyonza. "Mama Whitney, sikia. Nikiwa miguu tupu, nikishika mlango, tzzz! Mpaka kwa kiwiko. Sasa huyu mzee anasema ni uzee."

Phelister aliingia ndani kuangalia. Gari lilikuwa likichajiwa kwa ekstensheni iliyopitishwa dirishani kutoka soketi ya sebuleni, ile ya televisheni, na uso wa soketi ulikuwa umeungua ukawa rangi ya chai. Aliwaeleza kwamba gari hunywa umeme saa nyingi mfululizo, na soketi ya televisheni haikuzaliwa kwa kazi hiyo. Akavuta laini mpya kutoka kwenye boksi kubwa la umeme, laini ya gari peke yake na breka, swichi ya kuukata umeme, yake peke yake, mpaka kwenye kibanda cha gari, akafunga soketi nene ya nje yenye kifuniko. Halafu akatafuta pa kupigia ethi.

"Ethi ni nini tena?" Okidi aliuliza.

"Ni njia ya umeme uliopotea, Afande. Ukipotea, ushuke ardhini kwa njia hii. Usipite kwa mtu."

Udongo wa Naguru ni mwekundu na mkavu, lakini kando ya jiwe la kufulia maji hayakauki. Hapo Phelister alisimamisha fimbo ya shaba. Okidi alidai nyundo, akapiga mara tatu, akakumbuka mgongo wake. Phelister alimalizia mwenyewe. Alihesabu mapigo, maana kuhesabu kulikuwa rahisi kuliko kuwaza. Yalikuwa mia mbili na nne.

Saa saba mchana walichomeka. Taa ikawa kijani. Santina alivua ndala, akakanyaga majimaji, akagusa mlango wa gari kwa ncha ya kidole kama anayejaribu sufuria ya moto. Kisha kwa kiganja kizima.

"Imenyamaza!"

"Sikusema?" Okidi alipiga makofi. "Dawa ya Wangila bado iko kwa hii nyumba! Ngoja niambie Oryem. Ile gari yake ya Luzira pia imeanza kuuma watoto. Saa hii wanaiosha, jioni inabeba bibi harusi. Nitamwambia Jumatatu mama atakuja. Halafu kuna wakubwa wengine, mimi nitakupeleka kwao mmoja mmoja. Banange, wewe hutakosa kazi."

Phelister alisema asante. Alimjua Oryem: askari magereza, naye mmoja wa wale kumi na mmoja.

Santina aliita watu waje kula. "Wacha hiyo soketi ya zamani," Okidi alisema, "haina kazi tena." Lakini Phelister hakuwa mtu wa kuacha kitu kilichoungua ukutani. Alizima umeme, akaifungua ili atoe nyaya na kuziba tundu.

Ndani alikuta kipande kifupi cha waya, urefu wa kidole, kimetoka kwenye nyutro, waya wa kurudishia umeme, kikaingia mahali pa ethi. Ncha zake zilikuwa zimesokotwa kuelekea kushoto. Wangila alitumia mkono wa kushoto. Juu yake palikuwa na tepu ya njano iliyokatwa kwa meno, na alama za meno zilikuwa zinaonekana.

Nyumba ile haikuwahi kuwa na ethi. Waya wenyewe wa ethi haukuwepo.

Alikaa mbele ya tundu lile kwa muda. Alingoja kitu kije, hasira au aibu, chochote kile. Hakikuja. Alikikata kile kipande, akakitia mfukoni, akaziba tundu, akaenda kunawa. Kazi ya hapa ilikuwa imekwisha na ilikuwa nzuri. Hakuna aliyehitaji kujua. Akinyamaza, Jumatatu angeingia kwa Oryem na fimbo yake ya shaba, akatoa waya kimya kimya, kisha nyumba nyingine, na nyingine, mpaka zote kumi na moja, na jina la Wangila lingeendelea kuwalisha yeye na Whitney.

Ila Oryem alikuwa anaosha gari saa hii.

Okidi aliombea chakula. Ilikuwa malakwang, mboga ya majani yenye karanga, na viazi vitamu. Alimwombea na Wangila, "fundi ya mkono safi." Waliposema amina, Phelister alikiweka kile kipande cha waya mezani, kando ya sahani.

"Hii nini?" Okidi aliuliza.

"Ndiyo dawa yenyewe."

Hawakuelewa, ikabidi aeleze. Alieleza kama mtu anayesoma mita. "Taa nyekundu ilikuwa inasema nyumba yako haina ethi. Wangila hakuweka ethi. Alifunga huu waya, gari likadhani ipo. Sasa nyutro ikilegea huko nguzoni, umeme unakuja kukaa kwa bodi ya gari. Ndio huo unauma mama huyu."

"Kwa hivyo si uzee," Santina alisema polepole.

"Si uzee, mama."

"Wangila alijua?" Okidi aliuliza.

"Alijua. Ndiyo maana alikuwa ananituma nje."

Okidi alikisukuma kile kipande kwa ncha ya kijiko, kukirudisha upande wa Phelister. "Rudisha kwa mfuko. Mtu amelala. Wewe utakula nini, mama? Watu wanaita wewe kwa sababu yake."

"Afande, nipigie Oryem."

"Mimi siwezi. Mimi nilibeba jeneza ya huyo mtu." Alichukua simu, akatafuta namba, akamsogezea bila kumwangalia.

Oryem alipopokea, Phelister alijitaja, naye akacheka. Nyuma yake maji yalikuwa yanamwagika na watoto wanapiga kelele. "Eeh, mke wa fundi ya dawa! Habari ya siku nyingi?"

"Afande, gari limechomekwa?"

"Tangu asubuhi. Jioni tuna harusi."

"Toa watoto kwenye maji. Zima umeme kwenye boksi, halafu chomoa. Nangoja."

Pengine ilikuwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, lakini Oryem hakuuliza. Alisikika akifoka kwa Kiacholi, ndoo ikaanguka, mlango ukagonga, kimya. Alirudi anahema. "Nimezima. Sema."

Akasema. Hakupunguza neno wala jina.

"Wajukuu yangu wanne walikuwa hapo," Oryem alisema. "Wanne. Na huyo tuliita ndugu." Kisha, "Usikanyage kwangu. Nitatafuta fundi ingine."

"Sawa, Afande. Mwambie apige ethi. Fimbo ndefu ya shaba, mahali penye maji. Na usichomeke mpaka aipime."

Simu ilikatwa. Okidi alikuwa ametoka nje, amesimama kibandani, ameligeuzia gari lake mgongo. Phelister aliitoa simu yake mwenyewe. Mara mbili alifungua jina la mtu asiyehusika. Santina hakumwambia pole. Alifunika sahani ya mgeni kwa sahani nyingine ili chakula kisipoe, akakaa kando yake, na Phelister akapiga namba ya nyumba iliyofuata kati ya zile kumi na moja.