Weupe Kwenye Pafu la Mama

Mama alianza kukohoa tulipomaliza kuvuna mahindi. Hapa Dirma, kijijini kwetu, watu walisema ni vumbi la ng'ombe, naye akasema ni moshi wa jikoni. Nilikubali, mpaka siku nilipomkuta ameketi chini njiani, ndoo ya maji pembeni, mkono kifuani, akisubiri pumzi irudi. Niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, nikampeleka hospitali kupigwa picha ya kifua.

Daktari alikuwa kijana kutoka mkoa mwingine. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akatugeuzia kompyuta. Mbavu zilionekana wazi. Upande wa kulia, chini, palikuwa na kitu kama wingu jeupe.

"Pale panang'aa," mama aliniambia kwa lugha yetu. Kiswahili chake ni cha mnadani tu. "Ni pazuri?"

Nilimuuliza daktari. Akatikisa kichwa.

"Pafu lenye hewa huonekana jeusi, mwalimu. Palipo peupe kuna kitu kimechukua nafasi ya hewa. Picha peke yake haisemi ni kitu gani. Inaweza kuwa nimonia, kifua kikuu, kovu la ugonjwa wa zamani..." Alikuwa akihesabu kwa vidole. Kidole cha nne kilichelewa. "Au saratani."

Nilimfasiria mama yale matatu. La nne nililiruka.

Makohozi yalipimwa, hayakuwa na kifua kikuu. Muuguzi alinipa majibu akitabasamu, lakini mimi niliona tu kwamba moja limeondoka na lile baya limebaki. Daktari akatoa dawa za nimonia na kutuambia turudi baada ya wiki sita kupiga picha nyingine.

Tulipofika nyumbani mama alinikazia macho. "Daktari alinyoosha vidole vinne. Wewe umenipa vitatu."

Nikamwambia. Hakulia. Aliingia ndani akatoka na sketi yake ya ngozi, ile aliyoolewa nayo na aliyosema nitairithi, akaniwekea mapajani.

"Sitaki, mama."

"Shika tu. Sijasema nakufa leo."

Wiki hizo sita sikufundisha vizuri. Kikohozi kilipungua, nami sikukiamini. Nilijiambia labda anakibana nisimsikie.

Siku ya picha ya pili ilipofika, tulirudi hospitali. Daktari aliweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya. Wingu halikuwepo tena. Kilibaki kistari chembamba.

"Ilikuwa nimonia," alisema. "Hili ni kovu dogo. Kikohozi kikirudi, msingoje kama mlivyongoja."

Nilimfasiria mama kila neno, hata lile la kutukemea. Akashusha pumzi ndefu, akamshukuru daktari kwa Kiswahili chake cha mnadani.

Hadi leo akikohoa, hata mara moja, naacha ninachofanya na kusikiliza kama kuna ya pili.